Paukwa isiyo na Pakawa

"Paukwa!" Watoto wanajibu, "Pakawa!" Hapo ndipo hadithi inapoanza, si kabla. Kisha huja ule mnyororo unaojulikana tokea Makunduchi, kusini mwa Unguja, mpaka Micheweni, kaskazini mwa Pemba: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia. Ukimuuliza mtu chenjagaa ni nini, atacheka tu. Maana si kitu kinachotafutwa pale. Mtoa hadithi anaupima mkeka: nani yu macho, nani kasinzia, nani yumo na nani hayumo. Asipojibiwa huita tena, na akikosa jibu mara ya pili huenda zake kulala.

Sasa fungua kitabu cha ngano, kiwe cha skuli au cha dukani. "Paukwa" imechapwa, "Pakawa" imechapwa chini yake, na mtu mmoja aliye kimya anazisoma zote mbili. Nyimbo iliyomo ndani ya hadithi, ambayo mkekani huimbwa mara tano au sita na kila aliyepo, kitabuni imeandikwa mara moja, na ilipotakiwa kurudi zimewekwa nukta tatu. Juu ya jalada pana jina la mkusanyaji. Aliyeitoa hadithi hayupo popote.

Kila mwaka husikika kilio kwamba wazee wanaondoka na hadithi zao. Wanaondoka kweli. Ila hadithi nyingi za Unguja na Pemba hazikupotelea kinywani mwa mzee. Zilipotelea njiani, mkononi mwa aliyeziandika, aliyezihariri, aliyezifasiri au aliyezipandisha jukwaani, na mara nyingi mkono huo ni wetu wenyewe. Vinavyodondoka kwanza ni hivyo viwili: jibu la msikilizaji na jina la msimulizi.

Jina lina historia ndefu ya kudondoka. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja na baadaye akawa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za hapa, ukurasa mmoja Kiswahili na ukurasa wa pili Kiingereza. Ni kazi kubwa. Sultani Darai na paa wake wamo humo, na maandishi yale yametufikia kwa sababu mtu alikaa chini akayaandika kwa subira. Lakini kwenye jina la kitabu waliotoa hadithi wametajwa kwa mkumbo mmoja, "wenyeji wa Zanzibar". Zaidi ya miaka 150 imepita na bado tunachapa "zimekusanywa na fulani", kana kwamba hadithi ni kombe za pwani, za kuokotwa maji yakitoka.

Nimesikia utetezi kwamba ngano ni ya wote, haina mwenyewe. Ni kweli kwa ngano. Si kweli kwa namna mtu mmoja alivyoitoa usiku mmoja, kwa sauti yake, na nyimbo aliyoirefusha yeye, na mzaha aliouingiza yeye kwa sababu jirani yake alikuwepo. Kutoa hadithi ni utumbuizaji, na mtumbuizaji ana haki zake. Wala hoja ya nafasi haisimami. Kitabu cha picha cha watoto kinachobanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawike kwa 4, na wengi huchagua 24 au 32. Ukurasa wa 2 karibu siku zote una nusu nzima nyeupe. Mistari minne inatosha: nani aliitoa, wapi, lini, nani walikuwepo wakiitikia.

Tuanze na kurekodi, maana hapa ndipo panapoharibika zaidi na ndipo panapotengenezeka kwa gharama ndogo. Anayekwenda visiwa vya Tumbatu au Kojani kutafuta ngano kwa kawaida huenda na simu moja, akaiweka mbele ya bibi, akawaambia watoto wanyamaze. Keshaharibu mara mbili. Watoto wakinyamaza bibi hana anayemtolea. Hufupisha, huruka nyimbo, hupanga maneno kama shahidi mbele ya kadhi. Hadithi ya dakika 20 unaweza kuondoka nayo kwa dakika 6 na ukadhani umeipata. Na simu moja iliyo mbele ya bibi humsikia bibi peke yake. Hata watoto wakiitikia, huingia kama kelele za mbali.

Vyombo viwili ndio kiwango cha chini. Kimoja kiwe shibiri mbili kutoka kwa mtoa hadithi, chini kidogo ya kidevu ili pumzi isikipige moja kwa moja. Cha pili kiwe katikati ya wasikilizaji, juu ya mto au kanga iliyokunjwa, kwani kikilazwa kwenye sakafu ya saruji hunasa kila mguu unaosogea. Kabla ya kuanza mtu apige kofi moja kubwa. Kofi hilo ndilo litakalotumika baadaye kuzilinganisha sauti mbili. Feni izimwe. Friji pia izimwe, na anayeizima atie funguo zake ndani yake, la sivyo ataondoka akaisahau na mwenye nyumba aamke na samaki walioharibika. Mvua ikipiga juu ya bati, ahirisha, hakuna programu itakayoiondoa. Na muda upangwe baada ya sala ya isha, si kabla, kwa sababu adhana ikimkuta mtoa hadithi katikati atanyamaza, na akirudi hatarudi pale pale.

Faili liwe la WAV, lisilokandamiza sauti, biti 16, kilohezi 44.1. Kwa chaneli moja hilo ni kiasi cha megabaiti 5 kwa dakika, yaani saa nzima ni kama megabaiti 318, na simu nyingi zinaimudu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni wa kumuonjesha mtu, si wa kuhifadhi. Hukandamizwa, na zinazoumia kwanza ni sauti nyembamba kama s, f na th. Kwetu hilo si jambo dogo: baina ya thamani na samani pana herufi hiyo tu, na mwandikaji asiye mtu wa hapa atakisia. Nakala ziwe tatu, na moja ilale nyumba nyengine, kwa sababu unyevu wa masika na hewa ya chumvi ukiingia kabatini hauchagui. Wenye kanda za kaseti za miaka ya 1970 na 1980 wanajua. Ukanda ulioshika ukungu ukitiwa kwenye mashine kabla ya kusafishwa, hupigwa mara moja tu, ya mwisho.

Kisha kuandika. Saa moja ya sauti safi hula saa 5 mpaka 8, na ikiwa ni lahaja kama Kikae, yaani Kimakunduchi, au Kitumbatu na mwandikaji si mtu wa huko, zidisha mara mbili na mtafute wa huko akae naye. Mkono wa kwanza uandike kila kilichosikika bila ya kusahihisha hata neno: marudio, "eeh", kicheko, mahali alipopiga paja. Majibu ya watu yawe na safu yao pembeni. Mkono wa pili ndio utie vituo na aya. Wengi huruka mkono wa kwanza kwa uvivu au kwa haraka ya mfadhili, wakaandika moja kwa moja kile wanachoona kinafaa kuchapwa. Matokeo yake ni maandishi mazuri ambayo hakuna aliyewahi kuyasema.

Hapo huingia mhariri, na hapa nitakaa kidogo, maana uharibifu wake huitwa usahihi.

Chukua neno dogo: kaja. Unguja na Pemba mtoto akimuona baba mlangoni hupiga ukelele, "Baba kaja!" Maana yake keshafika, yupo hapa, sasa hivi. Mhariri aliyesomea sarufi ya kitabuni huona ka- isiyo na kiambishi cha mtendaji, akaitia kilichopungua: "Baba akaja!" Herufi moja. Lakini "akaja" ni tendo lililofuata tendo jengine katika masimulizi, na hakuna mtoto duniani anayepiga ukelele wa namna hiyo mlangoni. Mhariri mwengine, mwangalifu zaidi, ataandika "Baba amekuja". Hilo lina maana sahihi, ila limetoka redioni, halikutoka barazani.

Katika shairi hasara inahesabika. "Kenda" ina mizani 2. "Amekwenda" ina 4. Mshororo wa mizani 16 ukitiwa "amekwenda" unakuwa wa 18, na mwimbaji atalazimika kumeza silabi mbili mahali fulani. "Mie" ikigeuzwa "mimi" mizani inabaki ile ile lakini kina kinakufa: beti iliyokuwa inaishia n'kwambie, usikie, mie, sasa inaishia n'kwambie, usikie, mimi. Nimeona mhariri akilaumu "udhaifu wa vina" wa mtunzi katika shairi alilolivunja mwenyewe.

Kipemba kinapata zaidi. Anayesema nti pale wengine wanaposema mti hajakosea. Ngeli ile kwao mara nyingi huanza na n. Kinachonikera ni kwamba lahaja hiyo imeachiwa wachekeshaji. Mpemba wa kwenye vichekesho ni mwenye duka anayesema "yakhe" kila baada ya maneno matatu, na mwandishi wa kweli wa Wete au Chake Chake akitaka kumfanya mhusika wake alie kwa Kipemba, anaogopa msomaji atacheka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya Afrika Mashariki ya kukisimamia. Tulitoa kipimo, na sasa kipimo hicho kinatupima sisi wenyewe tuko pungufu: Makunduchi inasahihishwa kwa Kiswahili kilichozaliwa mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka huko.

Njia ya kutoka ipo. Masimulizi ya mwandishi yawe kwa sanifu ikiwa kitabu kinalenga skuli, lakini mazungumzo na nyimbo zibaki kama zilivyotamkwa. Maneno mageni yawekwe mwisho wa kitabu, 30 au 40, yasizidi. Yakizidi hapo kitabu kimekuwa kamusi na msomaji atachoka. Kwa tahajia kuna pa kushika: BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, imechapa makamusi ya Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na mhariri yeyote anayepokea muswada wa lahaja bila ya kuyafungua hayo ajue anakisia. Tanbihi chini ya kila ukurasa mimi sizipendi. Humfanya Mpemba asome lugha yake kama mgeni.

Mchoraji naye ana mitego yake. Sema hadithi ina mstari huu: "Akavuta mbuzi, akaketi, akakuna nazi mbili." Kila aliyekulia jikoni Unguja anaona kibao kifupi cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mchoraji aliyepokea mstari huo kwa njia ya tafsiri, au programu ya kufasiri iliyoachiwa kazi peke yake, ataleta mnyama mwenye pembe na mwanamke kamkalia mgongoni. Kosa halimo kwenye kamusi, kwa sababu mbuzi ni mbuzi. Limo kwenye upatanisho: mbuzi ya kukunia nazi, mbuzi wa kufugwa, na mstari wetu haukutaja "ya" wala "wa". Kwa hivyo anayempa mchoraji kazi ampe pia orodha ya vitu, kila kimoja na picha yake: mbuzi, pakacha, kifumbu cha kuchujia tui, mkungu wa udongo, ungo, kata ya kutekea maji. Pakacha likichorwa kama kikapu cha ukili, mtoto wa Mkoani atajua mara moja kwamba aliyechora hajawahi kubeba madafu. Pakacha husukwa papo hapo kwa kuti bichi, makuti yake yanaonekana kila moja, na kazi ikimalizika hutupwa.

Wachoraji wa Mji Mkongwe wana shida nyengine, ya soko. Mitaa imejaa tembo, twiga na Wamasai kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mnyama pekee wa Unguja anayestahili kuitwa sura ya kisiwa, kima punju, hupatikana kwa tabu katika maduka hayo. Siwalaumu wachoraji, mgeni hununua anachokitambua. Lakini mchoraji mwenye mkono mzuri anayechora tembo yule yule kila wiki angeweza kuchora kurasa 32 za hadithi ya kwao, na hakuna anayemwendea na malipo ya awali mkononi.

Pana swali gumu zaidi kuliko yote haya: hadithi yenyewe ni ipi? Pujini, mashariki mwa Pemba, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo watu huyahusisha na mtawala aliyeitwa Mkama Ndume, mkamuaji wa wanaume. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu wabebe mawe ya kujengea huku wakijiburuza kwa makalio. Husimuliwa pia kwamba kisima kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji. Anayetembeza wageni hukupa kisima na wake wenza, kwa sababu kinaonekana na kinachekesha. Mzee wa kijiji anaweza akakaa zaidi kwenye mawe, na nani alitoka mji gani kuyabeba. Mwalimu wa historia atataka tarehe.

Mwandishi mchanga huchukua hizo tatu akazikoroga akapata moja, ndefu, iliyonyooka, kisha akaiita "hadithi ya Mkama Ndume". Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haina aliyeitoa. Ziandike mbalimbali. Kila moja na jina la mtoaji, na zinapopingana ziache zipingane. Kwa riwaya au mchezo wa kuigiza mtu ana uhuru wa kubuni atakavyo, lakini hapo aseme kwamba amebuni, asijifiche nyuma ya wazee.

Kufasiri kuna pande mbili, na sisi hujadili upande mmoja tu, wa kuwapelekea wengine. Upande wa kurudisha nyumbani ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walichapisha Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Hebu tazama neno moja tu la mtihani wa mfasiri. Mvulana Yusuf anamwita Aziz kwa neno la Kiingereza, uncle, linalomfaa ndugu wa baba na ndugu wa mama sawasawa, na baadaye anakuja kuambiwa kwamba mtu yule si ndugu yake hata kidogo. Kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Kiingereza kinaweza kukaa katikati. Kiswahili cha Unguja hakikai: ami ni wa kuumeni, mjomba ni wa kukeni. Ami hubeba mamlaka, mtu hamtanii. Mjomba huombwa vitu, hukimbiliwa baba akiwa mkali. Mfasiri akitamka moja ameshaamua uongo aliotiliwa Yusuf ulikuwa wa rangi gani.

Tukipeleka nje, tatizo hugeuka. "Akabisha hodi, akakaribishwa, akala, hakusema jina." Kwa Kiswahili msikilizaji hajui kama mgeni ni mwanamme au mwanamke, na mtoa hadithi hodari hulichezea hilo mpaka mwisho. Kiingereza hudai jibu kwenye mstari wa kwanza. Wapo wafasiri wanaoiacha siri ivuje kwa sababu sarufi imewaamuru. Anayejali hutafuta cheo: mgeni, mja, yule wa mlangoni, akakirudia cheo hicho kwa ustahamilivu mpaka siri ifunuliwe mahali pake. Na kabla ya kazi kwenda mtamboni, watu wawili wakae pamoja, mmoja asome tafsiri kwa sauti na mwengine afuate asili kwa macho. Mahali ambapo asili watu hucheka na tafsiri hakuna aliyecheka, patiwe alama.

Jukwaani haraka ndiyo adui. Kibati cha Pemba ni majibizano ya papo kwa papo. Maneno hutoka kwa kasi juu ya ngoma, kisha wengine wakapokea kwa kiitikio. Uhai wake ni kwamba mpinzani hajui utasema nini. Kipeleke hotelini kwa dakika 10, mbele ya watu wasioelewa neno, uone kinachotokea ndani ya msimu mmoja. Mwenye hafla ataomba ngoma zaidi na maneno machache. Mtungaji atagundua kwamba beti zile zile nane za jana zinatosha, hakuna atakayejua. Miaka michache baadaye kikundi kina sare nzuri, kina ngoma nzuri, na hakina hata mmoja anayeweza kujibu papo hapo. Dawa ni kutafuta watu wa kujibu: hadhira yenye Kiswahili angalau nusu, mada inayotolewa na watu usiku ule ule, bei ya chumvi au foleni ya boti, na muda usiopungua dakika 25. Wasiojua lugha wawekewe sentensi tatu ukutani za kueleza mada. Tafsiri ya neno kwa neno kwa kasi ile haiwezekani, na anayeahidi ataiweza hajawahi kukaa kwenye kibati.

Unyago nauweka pembeni kwa makusudi. Kinachosemwa mbele ya mwari si cha kila sikio, na anayetaka kurekodi amuulize somo, yaani kungwi anayemfunda mwari, si ofisi. Akikataliwa, basi.

Kwenye taarab jibu la hadhira bado lipo, kwa noti za tunzo. Linalopotea ni jina. Wimbo wa taarab asilia hupita mikono mitatu: mtunzi wa shairi, mtia muziki, mwimbaji. Shairi mara nyingi ni beti tatu au nne za mishororo mitatu, mizani 8 kwa 8, na kiitikio. Tunzo hupewa mwimbaji, picha ni ya mwimbaji, na wimbo ukipandishwa mtandaoni unaandikwa jina la mwimbaji. Siti binti Saad wa Fumba, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, anajulikana na kila mwanafunzi. Muulize mwanafunzi huyo huyo amtaje mtunzi mmoja tu wa mashairi ya taarab, halafu usubiri.

Sheria ipo. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Tanzania Bara ina sheria yake ya 1999. Hakimiliki si jambo la Muungano, hivyo aliyejiandikisha Unguja asidhani ameshajiandikisha na Dar es Salaam, ambako nyimbo zake huenda ndiko zinakopigwa zaidi. Haki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Kujiandikisha ni ushahidi na ni njia ya kufikiwa na mirabaha, na mtunzi aende na vitu vinavyomuonyesha yeye: shairi lililoandikwa kwa mkono lenye tarehe, rekodi ya mazoezi, majina ya mtia muziki na mwimbaji. Kinachokwamisha wengi ni makubaliano ya mdomo yaliyofanywa klabuni miaka 15 iliyopita, ambayo sasa kila mmoja anayakumbuka kwa namna yake.

Kwa mtoa hadithi karatasi haitoshi, kwani huenda hasomi. Makubaliano yasomwe kwa sauti mwanzoni mwa rekodi, na jibu lake lirekodiwe: anataka aitwe kwa jina gani (wapo wanaotaka lakabu, wapo wanaotaka la baba na babu), hadithi itumike wapi, kitabuni tu au na redioni na mtandaoni, kikiuzwa apate nini, na kitu gani kisitolewe kabisa. Posho ya usiku ule ni ya kumtoa usingizini. Haijanunua hadithi. Hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu yeye anaweza kudhani limekwisha, na mchapishaji akaona vyema adhani hivyo.

Kisha kazi irudi. Kupeleka nakala tano za kitabu kwa mtu asiyesoma ni adabu, ila si kurudisha. Mrudishie sauti. Redio ndogo zenye mlango wa kadi ya kumbukumbu zimo katika nyumba nyingi za shamba, zinapigwa asubuhi mpaka usiku, na kadi ya gigabaiti 4 inachukua hadithi za kijiji kizima ukizigeuza kuwa MP3 za nakala ya kusikilizia. Majina ya mafaili yaanze kwa tarakimu, 01, 02, 03, la sivyo redio itazipanga inavyotaka. Na kwa kuwa redio hizo nyingi hazionyeshi jina la faili, kila hadithi itanguliwe na sauti ya mtoaji mwenyewe akijitaja, yeye nani, wa mtaa gani, na ni nani aliyemtolea yeye alipokuwa mdogo. Baada ya "Paukwa" iachwe sekunde tatu tupu.